Sindano Iliyosimamishwa

Matiliku,
Novemba 1979

Dada yangu mpendwa Ndinda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na kwamba biashara ya nguo hapo sokoni Kabati inasonga. Kalunde ameanza kutembea? Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha na mbaazi zimeota vizuri.

Najua umekaa na wasiwasi tangu uliposikia nimelazwa. Kile kikohozi nilichodhani ni cha vumbi hakikuisha, hata baada ya kumeza zile kapsuli ulizonitumia wakati wa Pasaka. Nikakonda, kila usiku jasho linanilowesha. Mume wangu Kiema akanipeleka hospitali, makohozi yakapimwa, wakasema ni kifua kikuu. Nililia, dada. Nilimkumbuka shangazi Syombua, jinsi kifua kilivyomuua. Lakini daktari wetu, mama mmoja wa Nyeri anayeitwa Wangui, aliniambia ugonjwa huu sasa unatibika, mradi nisichoke na dawa. Alisema kapsuli zako zilikuwa tetrasaiklini, ambayo ni nzuri kwa magonjwa mengine, si kwa huu. Na kama zimebaki, tafadhali usimpe Kalunde. Zinaweza kuyaacha meno ya mtoto na rangi ya manjano maisha yake yote.

Basi nikaanza kudungwa sindano ya streptomaisini kila asubuhi, pamoja na vidonge. Kikohozi kikapungua, nikawa naomba chakula bila kubembelezwa. Ndipo masikio yakaanza kulia kama nyenje. Nikisimama, nayumba. Jumapili moja kwaya ilimaliza ubeti, mimi bado naimba peke yangu. Watu walicheka. Mimi niliogopa.

Mama mkwe akasema dawa hizo zinaniua, tuziache zote, na Kiema akamuunga mkono. Mimi na Kiema tulibishana njia nzima tukienda kliniki. Nilimwambia, "Kama ni kuchagua, wacha niwe kiziwi, lakini niishi."

Wangui alituuliza kwa nini tulichelewa kusema. Alieleza kwamba sindano ile huweza kuumiza mshipa wa sikio, hivyo anaisimamisha siku hiyo hiyo. Lakini vidonge nisithubutu kuviacha, kwa sababu vijidudu vikipata nafasi vitaizoea dawa na kurudi vikali kuliko mwanzo. Akaniongezea kidonge kingine mahali pa sindano, akanionya niseme mara moja nikiona macho yanafifia, au nikishindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Sasa Kiema mwenyewe huniuliza kila asubuhi leso yangu ni ya rangi gani! Nikimtania kwamba ni ya bluu na kumbe ni nyekundu, hushtuka, halafu tunacheka.

Makohozi yalipimwa tena na hayakuonyesha kitu. Kizunguzungu kimeisha na sikio la kushoto limepona. La kulia halitarudi. Liliniuma sana jambo hilo, lakini kwaya sijaiacha. Nasimama mwisho kabisa upande wa kulia, nikiwasikiliza wenzangu kwa sikio lililobaki.

Sasa Ndinda, kaa chini. Kuna jambo nililotaka ulisikie kwangu, si kwa watu. Siku ile ya kliniki Wangui aliniuliza mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa lini. Nikajibu zilikauka kwa ugonjwa. Akanipima. Nina mimba, dada. Baada ya miaka hii yote, na maneno yote niliyoambiwa katika boma hili.

Alisema hata masikio yangu yangekuwa mazima, sindano angeisimamisha tu, maana inaweza kudhuru masikio ya mtoto tumboni. Nilimuuliza kama imekwisha kumdhuru. Hakunidanganya. Alisema hajui, ila watoto wengi huzaliwa wakisikia vizuri, na sisi tutajua akizaliwa. Kiema alitoka nje, nikamkuta kando ya tangi la maji akifuta machozi.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu ya hofu hiyo. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama karibu na kengele ya kanisa. Ilipogongwa, mtoto aliruka tumboni kwa nguvu mpaka nikashika ukuta. Ikagongwa tena, akaruka tena. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Kiema na mama mkwe wanawasalimu. Tuombee, na ukipata nafasi mwezi wa pili, nitakapojifungua, njoo unishike mkono.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Muthoki