Zulia la Majani Chini ya Maji

Arusha, 6 Machi 1999

Mwanangu Lucia,

Habari za hapo Nangwa? Mama yako hajambo? Mimi mzima. Tangu shamba la ngano litupunguze kazini, nimepata kibarua hotelini: kutunza tangi la kioo la samaki pale mapokezi. Meneja anataka majani mafupi yatambae chini kote kama zulia. Nimepanda mara mbili, asubuhi nakuta yote yanaelea. Amenipa hadi mwisho wa Juni, vinginevyo niondoke. Siondoki. Muulize mwalimu wako wa baiolojia.

Baba yako, Sylvester

Nangwa, 28 Machi 1999

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, tunapalilia mahindi. Mwalimu Imakulata anasema gawanya majani vipande vidogo, uvizamishe kwa kibano kwenye mchanga laini zibaki ncha tu. Na taa iwe kali. Mama alisikia akasema, "Mtu mzima kaacha shamba lake, anawalimia samaki!" Bado ana hasira uliondoka bila kuaga.

Mwanao, Lucia

Arusha, 2 Mei 1999

Lucia mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Majani yameshika mizizi, ila yamekuwa membamba, ya njano, hayatambai. Mgeni mmoja kaniambia yanakosa hewa ya ukaa, na mtungi wa hewa hiyo meneja hataki kuununua. Lakini sijaacha. Mwambie mama yako nilikosea. Niliona aibu kumwambia sina kazi.

Babako

Nangwa, 16 Mei 1999

Baba,

Shikamoo. Pole na kazi. Nilimsomea mama barua yako mara mbili. Alikwenda kukoroga pombe yake. Baadaye akaniita: "Hii inayochemka bila moto, si hewa hiyo hiyo?" Mwalimu amesema ndiyo yenyewe! Weka maji, sukari na hamira kwenye chupa, uzibe, upitishe mpira mwembamba mpaka ndani ya tangi. Mama anasema usijaze, povu litapanda.

Mwanao

Arusha, 30 Juni 1999

Lucia,

Umsomee mama yako kwa sauti. Fransiska, u hali gani? Majani yamefika kwenye kioo pande zote, kijani kibichi. Leo meneja aliinama akatazama muda mrefu, akasema, "Sylvester, utabaki." Njoo uone.

Babako

Nangwa, 11 Julai 1999

Baba,

Shikamoo. Mama anapanda basi Jumamosi. Ameuliza kama watu kama sisi wanaruhusiwa kukaa pale mapokezi. Nimemjibu wanaruhusiwa, tena kwenye kiti. Usinifanye mwongo, Baba.

Mwanao, Lucia