Fremu ya Kaboni Haina pa Kumkalisha Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni kinyozi, nina kilo tisini na nane, na kwa miaka tisa nimempeleka mke wangu kwenye duka lake la kushona akiwa kwenye keria ya baiskeli yangu ya chuma, njia nzima soga, hata jina la mtoto wetu wa pili tulilipata humo humo barabarani, sasa mwezi uliopita nikaingia duka la baiskeli kununua tairi tu, muuzaji akainua fremu ya kaboni kwa kidole kimoja, "Bosi, unyoya huu," basi akili ikaniruka, nikaacha ya chuma pale pale nikaondoka na kaboni, na mke wangu alipoiona akaizunguka mara mbili akauliza, "Na mimi nakaa wapi?" Nikamwambia atembee, atazoea. Mshauri, nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kesho yake nikajaribu kufunga keria kwa vibano, nikakaza, ikalia ka! na sasa kuna ufa mwembamba, nimeubandika stika. Jirani yetu seremala, aliyefiwa na mkewe, ana baiskeli nzito ya chuma, akamwambia mke wangu, "Shemeji, panda, njia yetu moja." Hii wiki ya tatu. Juzi huyo jirani ameweka mto kwenye keria yake. Wanacheka, na mimi niko nyuma yao, maana nikiwapita sijui nitasema nini. Swali langu: kwa uzito wangu, ninunue alumini au nirudie chuma?

Kinyozi wa Stika

Kinyozi, pole. Lakini wewe nawe! Mtu mzima unatibu ufa kwa stika? Kaboni ni imara kwa kazi yake, ila kubanwa hivyo haitaki, na ikishapasuka inaweza kukatika bila kubisha hodi. Shuka leo. Nyumbani irudishe kwa kuisukuma.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ni ngumu, kila shimo mkeo atalisikia mgongoni, na si kila fundi anaweza kuichomelea. Chuma ni kizito, kinanesa kidogo, na kikikatika fundi wa mtaani anakuchomelea. Umetaja kilo zako, za mkeo hukuzitaja kabisa. Mnapanda wawili, bwana! Chukua chuma, hata mkweche, na kabla hujalipa akae yeye kwanza kwenye keria. Akisema hapana, ni hapana.

Seremala muache. Amempa lifti mtu uliyemwambia atembee. Mkeo hajakasirikia baiskeli, amekasirikia lile neno lako, nawe unaniuliza habari za alumini!

Leo jioni nenda kwa miguu hadi dukani kwake. Ukikuta ameshapanda kwa jirani, msalimie jirani kwa heshima, mshukuru, kisha sema mbele yake, kwa sauti: "Mke wangu, nilikukosea." Asipojibu, tembea nyuma yao hivyo hivyo mpaka ajibu.