Julai Hii Nasari Haifungwi

Jumatatu, 26 Juni
Asubuhi nzima hapa nasari ni kuvua na kuvisha watoto. Jana kanisani nilitangaza: wazazi, baridi imefika, wavisheni watoto vizuri. Wamevisha! Mwenda amekuja na sweta nne, mbili za dada yake, na koti juu. Mikono haikunjiki. Alipobanwa na haja ndogo, mimi na Nkatha mpishi tulipambana na vifungo mpaka tukashindwa. Tumemkausha jikoni, naye muda wote anatucheka. Jumapili nitatangaza tena: sweta mbili zinatosha, soksi za akiba, jina lishonwe ndani ya kola. Nisipotaja kila kitu watanifanyia vituko.
Tayari viti kadhaa viko wazi. Sipendi.

Jumatano, 28 Juni
Alikuja Bwana Murungi, mwenyekiti wa komiti ya wazazi, na lile koti lake refu. Anataka nasari ifungwe mpaka Agosti, kama kila mwaka.
"Ticha, hii baridi ya Julai si ya kuchezea. Watoto wakae kwa moto nyumbani."
Kwa moto! Hapo ndipo penye shida. Akina mama hawaachi kuchuma majani chai eti kwa sababu ni Julai. Wanaenda, mtoto anabaki na mafiga yenye makaa. Julai iliyopita Kendi aliungua mkono hadi kwenye kiwiko. Hana ndugu, alikuwa peke yake. Mimi ndiye niliyembeba mpaka hospitalini Nkubu, mama yake yuko shambani hajui lolote.
Nilikataa. Tukavutana. Mwishowe akasema atakuja mwenyewe Ijumaa ya tarehe 14. Akikuta darasa limejaa, tuendelee. Akikuta viti vitupu, atafunga kwa kufuli yake. Nikasema sawa. Nimejitia kitanzi, lakini sawa.

Jumapili, 2 Julai
Nimepata dawa. Nimetangaza kanisani: kuanzia kesho nasari itafunguliwa saa tatu badala ya saa mbili, ili watoto watembee jua likiwa limetoka. Watu waliitikia kwa vichwa. Hata Mwenyekiti. Nimerudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jumanne, 4 Julai
Nusu ya darasa. Labda ni ukungu.

Alhamisi, 6 Julai
Watoto wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Uji ulibaki, Nkatha akampelekea nguruwe wake. Jua lenyewe halikutoka. Nimewakasirikia wazazi, nimeukasirikia ukungu, nimemkasirikia kila anayepita barabarani. Nilipofika nyumbani nililia, nikapika, nikalia tena.

Ijumaa, 7 Julai
Baada ya masomo nilienda kituo cha kupimia majani chai, nimejaa maneno. Akina mama walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao. Nikauliza mbele ya wote: nasari mmeikataa kwa nini? Mama Kendi hata hakushusha kikapu.
"Ticha, saa tatu mimi niko kwa majani kitambo. Sasa nani atamleta Kendi, ng'ombe?"
Foleni nzima ilicheka. Nikatamani ardhi inimeze. Wakanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Saa mbili, watoto wakubwa walikuwa wakileta wadogo, wa kwao na wa majirani, wakienda shule. Baridi ilipozidi wakawa wanakimbia na kuwaacha nyumbani. Sasa nimesogeza mpaka saa tatu, wakubwa wako darasani, hakuna mkono wa kumshika mdogo hata mmoja.
"Na mimi napita hapo kwa geti yako kabla jua litoke," Mama Kendi akaongeza. "Kama ungekuwa umefungua, si ningekuachia hapo hapo?"
Wanapita getini kwangu. Wote. Kila alfajiri, mimi nikiwa chini ya blanketi! Nikawaambia Jumatatu watanikuta nimefungua na uji umeiva. Wakasema kuni wataleta wao. Huu ndio wakati wa kupogoa michai, matawi ni tele. Nilienda kugombana, nimerudi nikiimba.

Jumamosi, 8 Julai
Nkatha amekubali kuamka mapema. Kwanza alinitukana. Tumeziba nyufa za mbao kwa magunia. Moto utabaki jikoni, nje. Jiko la makaa ndani ya darasa sitaki, hata wakinilipa.

Jumatatu, 10 Julai
Nilisimama getini bado kuna giza. Kimya. Nikaanza kujiona mjinga. Halafu kikohozi, halafu gambuti za mpira zikikanyaga matope, halafu wakatokea kwenye ukungu, mama baada ya mama, watoto ndani ya leso zao, wengine bado wamelala. Kila mama akaangusha mzigo wake wa matawi mlangoni pa jikoni, akaendelea na safari. Waliolala tuliwalaza kwenye mikeka, blanketi tumeazima kanisani. Ilipofika saa mbili kila mtu ana masharubu ya uji na tunaimba herufi kwa sauti ya kuvunja paa. Kendi aliimba kuliko wote.
Tumeweza! Nkatha anasema ni siku moja tu, nisijipige kifua. Nimejipiga.

Jumatano, 12 Julai
Mwenyekiti amesikia. Alisimama dukani mbele ya watu akasema ninawatoa watoto kitandani alfajiri, nitawapa nimonia. "Huyu Ticha anataka tuzike watoto?" Maneno hayo yameniuma. Jioni akina mama wawili walinipita bila salamu.

Alhamisi, 13 Julai
Wamepungua. Mwenda hakuja. Mama yake alipita getini akiangalia chini.
Naogopa. Kesho nikifungiwa, Kendi anarudi kwenye yale mafiga. Kazi nitapata nyingine, hata huko Nchiru. Kendi hana nasari nyingine.

Ijumaa, 14 Julai
NIMESHINDA. Wacha niandike polepole.
Alifika kabla ya wote, kufuli imevimbisha mfuko wa koti. Nilimkaribisha jikoni kwenye moto, akakataa, akasimama getini kama askari. Kwa hiyo ni yeye aliyewaona kwanza. Mbele Mama Kendi. Nyuma yake foleni ile ile ya kituoni, hata Mama Mwenda, hata wengine ambao watoto wao hawajawahi kukanyaga nasari. Kumbe jana jioni Mama Kendi aliwapitia mmoja mmoja, na mimi hakuniambia neno!
Akasimama mbele ya Mwenyekiti. Akakunja mkono wa sweta ya Kendi, akamwonyesha kovu.
"Mwenyekiti, hii si baridi ilifanya. Ni moto ya nyumbani. Sasa wewe funga. Lakini ukifunga, hawa wote tunakuletea kwako, ukae na wao mpaka Agosti."
Mwenyekiti akanywea. Mwenda akapenya katikati ya miguu yake akiulizia uji. Vigelegele vikalia mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, na sikuona haya.
Darasa lilijaa hadi wengine wakakaa wawili wawili kwenye kiti. Mwenyekiti alikunywa uji vikombe viwili, ameketi kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamekaribia kidevu. Alipoondoka alisema ile kufuli ilikuwa ya ghala lake, alikuwa anaipeleka tu. Haya, baba. Tumekubali.
Tangazo la Jumapili nimeshaliandika, fupi kuliko yote: Nasari iko wazi Julai yote, njooni mkiwa njiani.

Alhamisi, 20 Julai
Manyunyu kutwa. Lori la majani lilichelewa, akina mama wakakwama kituoni. Watoto wakubwa walipotoka shule waliwachukua wadogo wao, akabaki Kendi, maana kwao hakukuwa na mtu. Tuliketi jikoni, mimi nikishona soksi, yeye akinisimulia habari za kuku wao. Mama yake alifika amelowa chapachapa, akaketi kwenye gogo karibu na moto, akampakata. Niligeuka kummiminia uji uliobaki. Nilipogeuka tena, wote wawili walikuwa wamelala. Kikapu bado kiko mgongoni.
Nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani. Nikaongeza kuni.