Mama Ananiita Wewe

Kwako Kaka,

Mama alinipoteza Jumapili asubuhi. Macho ameyafumbua, ananitazama, lakini anayemwona ni wewe, kifungua mimba wake. Hata hivyo salamu ni haki yako: hujambo, na kifua chako hakijambo? Kifua nimekiulizia kwa sababu. Soma hadi mwisho.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi fundi wa mbao, shule yangu ni futi kamba: ubao ni futi sita au si futi sita. Huku wodini hakuna kitu kama hicho. Walimtoa Mama maji ya uti wa mgongo wakayapima. Kwanza nikaambiwa sukari ya maji hayo ni tatu, si mbaya. Mara daktari akaja, akasema isisomwe peke yake, ilinganishwe na ya damu iliyotolewa saa ileile. Ya damu ni kumi. Nikagawanya mwenyewe: hata theluthi haifiki, na ilitakiwa ipite nusu. Protini iko juu. Kimeng'enya fulani nacho kimepanda, ila eti hata magonjwa mengine hukipandisha. Mdudu mwenyewe kwenye darubini hajaonekana. Basi tunamjua kwa nyayo tu.

Daktari anaona ni kifua kikuu kilichoshika utando wa ubongo. Nikamuuliza kifua kimefikaje kichwani; akasema kimesafiri na damu. Dawa ameshaanza kumpa, lakini akataka kujua kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua akaacha dozi njiani, maana mdudu aliyeponea hapo huwa sugu, na dawa itabidi zibadilishwe. Nikaapa hayupo.

Jana nikimnywesha maji, Mama alinishika mkono akaninong'oneza kwamba nimeze vidonge vyangu, nisivitupe tena chooni, na nisihofu, mdogo wangu hajui kitu. Kaka, huyo mdogo mtu si ndiye mimi? Sasa sijui ni homa inayosema au ni Mama. Na kile kikohozi chako ulipokaa naye, ulichosema ni vumbi?

Lawama ninazo tele, zitangoja. Wasalimie wanao. Barua anakuletea shemeji yako, na nimemwagiza asitoke mlangoni kwako mikono mitupu. Daktari anapita kesho saa nne asubuhi. Kabla ya hapo nijibu, bila "ngoja kwanza": uliugua? Na dozi, uliimaliza au uliitupa?

Ni mimi,
mdogo wako asiyejua kitu.