Wimbo Ambao Bahati Hakuuomba

Masisi-centre, Jumapili ya mwisho ya Desemba. Mvua tangu asubuhi, ukungu umefunika vilima vyote, na paneli yangu ya jua haijachaji hata simu moja.

Leo njo siku ya kuandika nyimbo za mwaka kwenye mulango. Chaki ninayo. Mikono imekataa.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nina duka ndogo ya kuchaji simu na kupakia miziki. Wazazi wangu ni watu wa Butembo, biashara walinifundisha kabla sijajua kusali vizuri. Kila mwezi naangalia wimbo gani wa kucheza umeombwa na watu wengi, naandika jina lake kwenye mulango. Hakuna redio iliyonituma. Nilipenda tu, na watu wakapenda, wanabishana pale nje kama wabunge.

Januari ulishinda ule wa mabega, kila harusi mpaka Kirolirwe. Machi ukaja wa Kinshasa, gitaa haliishi. Aprili barabara ya Goma ilifungwa, flashi yenye nyimbo mpya haikupanda, tukabaki na zile zile. Halafu Mei ukaingia ule wa magoti. Mama weee! Mei mpaka Agosti, ulioshinda ni huo huo. Mama wa soko waliucheza na mizigo mugongoni. Hata mimi, muntu wa misa ya kwanza, niliucheza peke yangu nikifagia.

Shida ni kwamba wapiganaji walioshika muji wakati ule waliupenda pia. Waliubadilisha maneno, wakatia jina la mukubwa wao, wakawa wanauimba juu ya magari. Sisi mu simu tulikuwa na ule wa kawaida, wa mapenzi tu. Septemba wakafukuzwa, wakaja wapiganaji wengine, adui zao.

Mimi sikufikiri kwamba wimbo huo sasa unaweza kumuletea muntu shida. Huo njo ujinga wangu, nauandika wazi.

Huku kila muuzaji anatoa matabishi, ile nyongeza ambayo muteja hakuiomba. Wa nyanya anaongeza mbili juu ya fungu. Mimi naongeza wimbo mumoja wa kucheza.

Bahati alikuwa dereva wa moto, pikipiki ya kubeba watu, mutoto wa kijiji cha Karuba, aliyekimbilia na mama yake mu kambi ya Lushebere. Aliimba kwaya, na si kidogo. Mwanzo wa Oktoba alileta simu mpya, akaomba nyimbo za kanisa peke yake. Nikapakia. Halafu nikamuongezea ule wa magoti bila kumuambia, nikicheka moyoni kwamba atashtuka njiani.

Siku tatu baadaye alibeba muteja kwenda Walikale. Kwenye bariyeri, pale wanapofunga barabara, hao wapiganaji wapya walikuwa wanafungua simu ya kila muntu na kusikiliza nyimbo moja moja. Muteja waliachilia, yeye njo alitueleza. Ule wa magoti ulipolia mu simu ya Bahati, walimuingiza porini. Mpaka leo hatujui kama ni muzima ao amekufa.

Kambini watu wakasema, kumbe alikuwa wa wale waliofukuzwa. Kwaya ikamufuta jina.

Na mimi nikanyamaza.

Tangu Oktoba nimekuwa nikimuchajia mama yake simu bure, nikijifanya muntu wa huruma. Ee Mungu wangu.

Leo muchana mama huyo aliingia, kitenge kimelowa chote, akaketi kwenye benchi. Simu hakuleta.

"Dada, weye njo ulikuaka unamuwekea miziki. Uniambie kweli. Mutoto yangu alianzaka lini kupenda wimbo ya wale watu?"

Aliuliza akiangalia chini, kwa aibu. Aibu ilikuwa yangu, na yeye njo alikuwa anaibeba.

Nikamuambia yote. "Hakuombaka, Mama. Ni miye niliweka. Ilikuwa matabishi."

Nilingoja anipige. Alishika kifua, akalia kidogo, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Halafu akapangusa uso.

"Sasa utakuja kusema ivyo mu kanisa. Jumapili inayokuja, mbele ya watu wote. Warudishe jina ya mutoto yangu."

Najua maana yake. Kanisani kuna masikio. Nikisema kwamba mimi njo nilikuwa nagawa wimbo huo kwa kila muntu, hawa walioshika muji watasikia kabla ibada haijaisha. Kesho asubuhi kuna lori la kwenda Goma, na dereva wake ni binamu yangu. Naweza kupanda na kufika Butembo kwa wazazi wangu, na hakuna hapa atakayeniuliza kitu.

Nilimujibu ndiyo.

Alipofika mulangoni aligeuka. "Nitakuja kukutwaa hapa Jumapili asubuhi. Tutasimama wote wawili."

Sijui kama ni huruma ao anahakikisha sikimbii. Yote mawili ni haki yake. Binamu yangu nimemutumia ujumbe aende bila mimi.