Uzee wa Dada Leota

Nyumba ya Bi. Kessler, chumba cha juu,
Mtaa wa Gower,
Hollywood, California.
9 Machi, 1948.

Mpendwa mpwa wangu Ardith,

Salamu tele kutoka huku kwenye machungwa. U hali gani? Mtoto aliyekuwa na kifua amepona? Mimi mzima, ila goti nililoangukia kutoka kwenye farasi mbele ya kamera linaniuma. California nzima hakuna aliyeanguka vizuri kama mimi. Hata farasi walikuwa wakinionea fahari.

Barua yako nimeipata. Unasema mama yako mkubwa Leota amezeeka, na umeshapaka rangi chumba huko Nebraska ili aje apumzike. Unataka ndiyo au hapana. Ningekujibu siku hiyohiyo, lakini kichwa kimenivurugika.

Unajua dada yangu alianza kuigiza vikongwe akiwa bado msichana. Hakuwa na sura ya kubusiwa kwenye sinema, basi wakammwagia unga kichwani, wakamjaza pamba mashavuni. Amekuwa bibi wa majaji, bibi wa wezi, bibi wa kila mtu. Jina lake halijulikani, ila akiingia dukani utasikia, "Shikamoo, bibi!" Yeye huitikia, mimi ndiye ninayepunga mkono.

Wiki iliyopita nilimsindikiza kuomba kazi ya kuigiza bibi tena. Ana miaka sitini na moja, akaona unga wa nini? Akaenda na uso wake mwenyewe. Mwongozaji, kijana wa suruali pana, akamkagua.

"Samahani, mama. Hufanani na kikongwe."

"Nina miaka sitini na moja, wewe!"

"Sikatai. Lakini bibi watu wanamjua, mama. Bibi ana mashavu."

Nilimkemea mpaka taa zikatikisika. Leota anadai nilikohoa tu.

Nyumbani alilia. Nikamwambia, "Dada, nenda zako kwa Ardith."

"Nikapumzishe uzee gani, Virgil, na wamesema sina?"

Akafungua sanduku la rangi, akachora mikunjo juu ya mikunjo yake, palepale ilipo, akatia na pamba. Tukarudi. Yule kijana akaruka kitini: "Huyu ndiye! Ulikuwa wapi siku zote, bibi?" Hakumtambua hata kidogo. Jumatatu anaanza kazi.

Jioni akanawa, akanigeukia na taulo mkononi. "Niambie kweli. Mimi ni mzee?"

Mimi, Ardith, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nilimpokea taulo nikaanza kulikunja. Nilimwona yule dada aliyenipakia kwenye treni ya kuja huku, nikamwona pia yule kikongwe wa sinema, nisijue ni yupi anayeniuliza. Mpaka sasa sijui.

Basi ndiyo sina, na hapana sina. Chumba usimpe mtu. Na watoto waanze kujifunza sasa hivi kusema Mama Leota. Wa kumwita bibi huku wamejaa. Wa kumwita jina hakuna.

Nisalimie mama yako Effie, na mumeo Clell. Mungu awape mvua ya kutosha na paa lisilovuja.

Mjomba wako akupendaye kuliko farasi wote,
Virgil