Kutu ya Baba Irene

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Leo Baba Irene ameongea. Sentensi nzima, tena bila kuulizwa. Amesema, "Mama Irene, hili gari lina kutu juu."

Nilikuwa natwanga kisamvu. Mchi ukabaki hewani.

Tangu astaafu bandarini mwezi wa nne, amekuwa mtu wa kiti cha plastiki. Anakaa uani, anatazama ukuta wa choo cha jirani. Chai inakuja, inapoa, inaondoka. Maisha yake yote ameendesha kreni, amezoea kukaa juu na kutupigia honi sisi tulio chini. Sasa amebaki na ukuta. Baba yangu kule Tukuyu alistaafu akakaa vilevile, tukamzika kabla mwaka haujaisha. Irene akipiga simu namwambia baba yako mzima. Humu naandika ukweli – naogopa.

Kwa hiyo kutu, karibu nyumbani. Jisikie huru.

Yenyewe haina siri. Korola yetu imesimama uani muda mrefu, na Zainabu wa nyumba ya pili ndiye anayeanika juu yake samaki wa chumvi na makopa yake ya muhogo. Anasema bati la nyumba liko juu mno, la gari linashika moto mapema, na mbuzi hafiki. Mtaa mzima unajua. Wapo wanaomwomba nafasi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetoka kanisani nikakuta uani kumezungushwa kamba. Ndoo zangu zote zimefudikizwa kuzunguka gari. Katikati, Baba Irene: helmeti ya njano, kizibao cha bandarini, filimbi mdomoni.

Nikainua kamba nikaanue nguo. Filimbi! Eti bila helmeti mtu haingii eneo la kazi. Nikamwambia zile ni sidiria zangu. Akaenda stoo, akarudi na helmeti ya pili.

Nimeanua nguo nikiwa na gauni la kanisani na helmeti kichwani. Zainabu alichungulia juu ya ua, akaondoka. Baadaye amemuuliza muuza mkaa kama dhehebu letu lina siku kama hizo.

Jumanne, 12 Agosti

Msasa tangu alfajiri. Ajabu ni kwamba kadiri anavyosugua, kutu inaongezeka. Asubuhi ilikuwa doa la ukubwa wa kisosi. Mchana, sahani. Jioni sinia la pilau, na kidole chake kikapita mpaka ndani.

Mwingine angelia. Yeye aliita nikaone. Tukakaa ndani ya gari, yeye kwa dereva, mimi pembeni, tunatazama mbingu kupitia tundu. Kunguru alipita. "Umeona?" akasema, kana kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Nikajisahau, nikasema kuna gereji nzuri karibu na soko, wanamaliza siku moja. Akaacha tundu, akatazama usukani. Nikasema haraka kwamba wale mafundi sijawahi kuwapenda, hawajui kitu.

Usiku ameongeza ugali.

Alhamisi, 14 Agosti

Tundu limezibwa. Kipande cha bati, puti ya kusawazisha juu yake, msasa tena. Si kazi mbaya, ukiitazama kwa mbali.

Kisha akaja Rashidi, mume wa Zainabu, kutoka shambani Mpapura. Mkononi chupa ya mafuta ya maganda ya korosho, meusi ti. Akaniambia rangi ya dukani ni mapambo tu. "Milingoti ya nyumba yangu nimeipaka haya, shemeji. Nchwa hata n'moja hajagusa. Nti haujui hata kuoza."

Hakuna aliyeuliza ni wapi mchwa wamekula gari. Mimi nilitaka kuuliza. Nikamtazama Baba Irene, macho yanawaka, nikaenda kupika.

Mafuta yale yanababua ngozi, kwa hiyo wamevaa mifuko yangu ya sukari mikononi. Rashidi naye amepewa helmeti. Wamepaka paa zima, wanaelekezana kwa ishara za kreni. Kushoto kidogo. Shusha. Simama.

Ijumaa, 15 Agosti

Haikauki.

Rashidi amerudi kutoka msikitini, akagusa kwa kidole, kidole kikakataa kurudi. Sasa ndiyo anasema mti huyakausha mafuta kwa sababu mti unakunywa. Bati halinywi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mazoea mabaya. Alfajiri, wenye gari tumelala, Zainabu amepita chini ya kamba na ungo wake, akamwaga makopa juu ya paa kama siku zote. Tumeamshwa na yowe lake. Makopa yote yameganda, meupe juu ya weusi, na kuku wake aliyerukia kudonoa amesimama katikati. Hatoki. Anainua mguu mmoja, wa pili unashika. Anabadilisha.

Baba Irene alitoka na kikoi na helmeti. Akatazama. Akapuliza filimbi mara tatu, ishara ya ajali kazini.

Mazungumzo ya saa nzima. Zainabu anataka makopa yake na kuku wake, na kuku awe na miguu. Rashidi anasema makopa yale kwa mafuta yale hayatobunguliwa miaka mia. Zainabu akamwambia basi ale yeye. Baba Irene alikaa kwenye kamati ya uchunguzi, yeye peke yake, akamkuta Zainabu na kosa la kuingia bila helmeti.

Kisha akacheka. Alishika mlango wa Korola, akainama, akacheka mpaka machozi. Nilikuwa nammwagia kuku mafuta ya taa miguuni. Nimelia kidogo, nikasingizia mafuta.

Alhamisi, 21 Agosti

Bado wanakwangua. Thina, mafuta ya taa, visu vyangu vyote. Kuku anatembea kwa kuruka, ila anataga.

Jumapili, 24 Agosti

Rangi nyeupe, mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza. Paa linameta. Majirani wamekuja kutazama, Zainabu mwenyewe amekiri ni zuri, huku anakuna kiwiko kilichobabuka na kutafuta pa kuanika. Baba Irene ameosha brashi, amekunja kamba, amenirudishia ndoo. Helmeti ameitundika msumarini.

"Tumemaliza," amesema.

Nimempongeza. Nilitamani kuiona kutu hata ya ukubwa wa tembe ya panadol.

Jumatano, 27 Agosti

Kiti cha plastiki. Ukuta.

Nimemwambia mlango wa nyuma wa Korola unalia. Akasema ni kawaida.

Ijumaa, 29 Agosti

Chai imepoa.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekwenda feri kwa wavuvi mapema, nikanunua papa mzima. Nimempasua, nimemkatakata, nimemloweka kwenye maji ya chumvi. Zainabu alisaidia bila kuuliza. Tulipobeba beseni kuelekea kwenye gari ndiyo akasimama. Akasema shemeji atatuua. Nikamwambia, "Akituua atakuwa amenyanyuka."

Tukapanga vipande juu ya rangi nyeupe, kimoja kimoja. Maji ya chumvi yakateremka kwenye kioo, yakaingia pale kwenye kiraka. Lilikuwa zuri lile paa. Alilipaka kwa upendo.

Kiti kikalia. Akasimama. Akaja taratibu, akaegemea mlango. Akavitazama vile vipande, kisha kiraka, kisha mimi. Zainabu alijifunika khanga mpaka puani.

Akachukua kipande kimoja, akakigeuza, akalamba kidole.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Ameingia ndani. Nimekaa kizingitini na daftari, Zainabu ananikodolea macho. Huko jikoni makopo yanafunguliwa na kufungwa. Anauliza, kwa sauti ya juu ya kreni, ile chumvi ya mawe tuliiweka wapi.